Kodi ya Jengo la Bi Kobe

Barua ilimkuta Bi Kobe akifukia mayai. Alikuwa ameyataga kwenye mteremko ulio juu ya mashimo ya zamani ya dhahabu, pembezoni mwa Makongolosi, mahali ambapo mngurumo wa makarasha ya kusagia mawe husikika kutwa nzima. Udongo ulikuwa umekauka kwa kiangazi, ikabidi aulainishe kwanza kwa maji ya kibofu chake ndipo miguu ya nyuma ikaweza kuuchimba. Nguchiro, tarishi wa Baraza la Wanyama, alisimama kando akasubiri.

"Shikamoo, bibi. Nimetumwa na Mwenyekiti."

"Marahaba, mjukuu wangu. Niache nimalize."

Akashindilia udongo kwa gamba la tumbo, anainuka, anajibwaga, anainuka tena, hadi pakafanana na ardhi ya jirani. Kisha akaomba asomewe. Barua ilieleza kuwa kila mkazi mwenye jengo la kudumu anapaswa kulipa kodi ya jengo. Kuwa Bi Kobe anamiliki jengo la kudumu lenye paa la kuba na hajalilipia hata mara moja tangu azaliwe. Na kuwa mayai aliyoyataga yanahesabiwa kuwa majengo yasiyokamilika, nayo yatalipiwa nusu hadi yatakapoezekwa. Nguchiro alipofika kwenye kipengele hicho cha mayai, sauti ilimshuka. Alikuwa kijana mwenye haya, na kazi ya utarishi alikuwa hajaizoea.

Lazima nieleze hali ya Baraza wakati huo. Mwenyekiti alikuwa Fisi. Mfuko wa Baraza ulikuwa mtupu, na kila mkazi alijua umetobokea wapi, ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kunyoosha kidole. Mchwa walikwishatozwa kwa kila kichuguu. Nungunungu alikwishalipia shimo lake, Fuko alilipia handaki lake kwa urefu, na Kwale, asiye na nyumba, alitozwa kwa kulala chini ya kichaka cha umma. Walilipa wote. Kila mmoja alilipa peke yake, akaona ni balaa lake mwenyewe, na upweke huo ulimfaa Fisi kuliko hata kodi yenyewe.

Shauri liliahirishwa mara kadhaa, Mwenyekiti akiwa safarini, mpaka mawingu ya Novemba yakaanza kukusanyika. Lilisikilizwa chini ya mninga, jirani na shimo ambalo wachimbaji waliliacha matimba yake, yale magogo ya kuzuia udongo usiporomoke, yakiwa bado yamesimama. Bonde la Lupa lina mashimo mengi ya namna hiyo, na mengine yalianza miaka ya 1930, watu walipomiminika huku kutafuta dhahabu. Wanyama wa Makongolosi wamezaliwa wakiyakuta. Hakuna asiyejua timba ni nini na linazuia nini.

Sungura ndiye aliyeandika sheria, na ndiye aliyelisemea Baraza. Alianza kwa kusoma kifungu cha kwanza: jengo ni kitu ambacho mwenyewe huingia na kutoka, nacho kikabaki kimesimama.

"Waheshimiwa," alisema, "hadithi tulizolelewa nazo zinakiri kwamba Kobe hakuzaliwa na nyumba. Moja yasema alipewa. Nyingine yasema alianguka kutoka angani, gamba likapasuka, akaungwaungwa vipande. Kitu kinachopewa, kikapasuka, kikaungwa, ni mali. Na mali yenye paa hulipiwa."

Wajumbe walitikisa vichwa kukubali, kwa sababu hadithi hizo walizijua tangu utotoni. Fisi akauliza kama mdaiwa ana shahidi.

"Ninaye," alisema Bi Kobe. "Namwita Kenge."

Hapo mkutano ulivurugika. Kenge ndiye mwizi mkuu wa mayai katika bonde lote. Kwale alianza kulia waziwazi, maana kizazi chake cha mwaka ule kiliishia tumboni mwa shahidi. Hata Kenge mwenyewe, aliyekuwa amejilaza juani nyuma kabisa, alidhani ni mtego.

"Mama, unamjua unayemwita?" Nungunungu aliuliza kwa upole.

"Namjua. Ameshakula wanangu wengi. Amefukua mayai machanga, ya katikati, na yaliyobakiza siku moja kuanguliwa. Hakuna mwingine hapa aliyemwona mwanangu akiwa nusu. Hata mimi sijawahi. Nataka aseme alichokiona."

Kenge alijikokota mpaka mbele. Alisema kwanza kwamba hakuja kuomba radhi, kwani njaa yake ni njaa ya kweli, kisha akaanza. Nitayaandika maneno yake kwa urefu, kwa sababu shauri zima liliegemea hapo.

"Ukifungua yai changa sana," alisema, "huwezi kujua kama ni la kobe, la kuku au la kwetu sisi kenge. Kuna kichwa kikubwa, jicho jeusi, na mgongoni safu mbili za vipingili vidogo, kimoja nyuma ya kingine, kuanzia shingoni kwenda mkiani. Vipingili hivyo ndivyo vinavyotoa karibu kila kitu tunachobishania leo. Sehemu moja ya kila kipingili huwa pingili ya uti wa mgongo na ubavu wake. Sehemu nyingine huwa misuli: ya mgongo, ya kifua, ya tumbo, na mingine huhamia miguuni. Mpaka hapo sote ni ndugu, na jengo sikuliona."

"Endelea," alisema Fisi.

"Baadaye, miguu ikiwa bado ni vinundu, hutokea kitu ambacho kwetu hakipo na kwa kuku hakipo. Ubavuni, kati ya mguu wa mbele na wa nyuma, ngozi hunenepa ikafanya ukingo, mmoja kulia na mmoja kushoto. Ukingo huo mwishowe huzunguka ukafungana, na hapo ndipo pindo la gamba litakapokuwa. Sasa ziangalieni mbavu. Zangu mimi huchipuka mgongoni, zikapinda, zikashuka ndani ya ukuta wa mwili mpaka mbele, kwenye mfupa wa kidari. Za kuku ni hivyo hivyo, na zako pia, Mwenyekiti. Za kobe hazishuki. Zinabaki juu, ndani ya ngozi ya mgongo, zinanyooka kuelekea ule ukingo. Na kidari chenyewe hakitokei. Nimefungua mayai ya kila umri, sijawahi kukikuta."

"Hizo ni mbavu," Sungura alimkatiza. "Baraza linauliza habari za paa."

"Nakuja kwenye paa. Ubavu huanza ukiwa gegedu laini, kisha mfupa hujijenga kuuzunguka. Kwetu sisi unaishia hapo. Kwa kobe mfupa unaendelea. Unatambaa ndani ya ngozi kutoka ubavu huu kwenda kwa jirani yake, kidogo kidogo, mpaka nafasi ya katikati ijae. Ndiyo maana mkitazama gamba kwa ndani mtakuta jozi nane za vibao vya mfupa, kila kibao na ubavu wake ndani, vimeshikana na uti wa mgongo. Juu yake hukaa vigae vigumu mnavyoviona kwa macho, ambavyo vimetoka kwenye ngozi. Hakuna fundi aliyeleta paa. Paa ni mbavu."

Fuko, anayeyaelewa mambo ya chini ya ardhi, hakuweza kujizuia. "Basi ni shimo ambalo matimba yake yameota mpaka yakagusana, yakawa yenyewe ndiyo dari!"

Wachimbaji wote wa mashimo, kuanzia Nungunungu hadi Mchwa, walielewa papo hapo. Fisi akapiga rungu.

Sungura si mjinga, na alikuwa amebakiza hoja nzito. "Bega langu liko nje ya mbavu," alisema. "La Fisi liko nje. La Kenge liko nje. La Kobe peke yake liko ndani. Kilichomo ndani kiliingia, na kilichoingia kilipita mlangoni. Penye mlango pana nyumba."

Swali hilo ndilo lililowakosesha usingizi watu wazima wenye maabara. Mwaka 2009 Shigeru Kuratani na wenzake, waliokuwa wakifanya kazi katika mji wa Kobe nchini Japani, walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kufuatilia viinitete vya kobe wa China mwenye gamba laini, wakivilinganisha na vya kuku na vya panya. Walichokiona kinalingana na jibu la Kenge.

"Bega halikuingia," alisema Kenge. "Mwanzoni linasimama mbele ya mbavu. Kisha ukuta wa mwili unakunjwa kuelekea ndani, kufuata mstari wa ule ukingo, na mbavu za mbele zinatawanyika kwenda mbele mpaka zikalipita bega kwa juu. Bega liko palepale lilipozaliwa. Mbavu ndizo zilizolifunika. Mlango sikuuona, kwa sababu hakuna aliyepita."

"Na misuli?" aliuliza Kakakuona, aliyekuwa amenyamaza muda wote. Yeye ana magamba mwili mzima, lakini ni magamba ya ngozi tu. Chini yake mbavu zake zinacheza, na akitaka hujiviringisha. Alikuwa na sababu ya kutaka kujua tofauti.

"Misuli ndiyo iliyonishangaza," Kenge alisema, na sauti yake ilibadilika kidogo. "Kuna msuli unaofunga bega na mbavu. Ninao, nawe unao. Ukuta ulipokunjwa, msuli huo haukuachia upande wowote. Ulikunjika pamoja na ukuta, na mpaka leo umeshika mifupa ileile miwili ya tangu zamani, ila sasa bega liko chini ya ubavu. Mingine haikuweza kubaki ilipokuwa. Msuli wa kifua ulihitaji kidari, na kidari hakipo, basi ukajishikiza kwenye gamba la tumbo. Ule mpana wa mgongo, unaovuta mkono, nao ukatafuta shikizo jipya mbele ya gamba la juu. Mfupa ulipobadili njia, kila msuli ulilazimika kuamua: kushikilia pa zamani au kuhama."

Nisimame hapo kidogo. Tumezoea kusema mifupa hubeba na misuli huvuta, hadithi ikaisha. Ndani ya yai mambo hayaendi kwa zamu hivyo. Kiinitete huanza kurusha miguu kabla mifupa haijakomaa, na mirusho hiyo ni sehemu ya ujenzi: vifaranga wa kuku walioganzishwa ndani ya yai kwa majaribio, viungo vyao vilishindwa kujitenga sawasawa, mifupa ikaelekea kushikana. Msuli dhaifu, usioweza hata kuinua mguu, unashiriki kuchonga goti litakalotumika miaka yote ya mbele. Naliona hilo kuwa jambo kubwa, na sijui kwa nini halisimuliwi watoto pamoja na zile hadithi za kuanguka kutoka angani.

Bi Kobe, ambaye hakuwa ameuliza chochote tangu Kenge aanze, aliinua kichwa. "Na misuli ya kati ya mbavu?"

Kenge alikaa kimya kabla ya kujibu. "Huanza," alisema. "Nimeiona kwa wadogo. Mbavu zinapogandamana, inakonda, inatoweka. Kobe mzima hana hata uzi mmoja wa nyama hiyo."

Wajumbe walijigusa mbavu bila kutaka. Kila mmoja alizisikia zikipanda na kushuka, maana ndizo zinazowapumulia. Kama mbavu zimekuwa paa, na misuli iliyozisukuma imekufa, mdaiwa anapumuaje?

"Njooni muone," alisema Bi Kobe.

Fisi aliinama. Aliweka sikio juu ya gamba, akangoja, gamba halikutikisika. Nguchiro, aliyekuwa amechuchumaa nyuma, ndiye aliyeona. Kwenye kikwapa cha mguu wa nyuma, pale ngozi laini inapokutana na gamba, palikuwa panabonyea na kujaa, panabonyea na kujaa. Ni misuli ya tumbo iliyochukua kazi hiyo. Mmoja huvuta kulipanua tumbo, hewa ikaingia. Mwingine huyabana matumbo yakayasukuma mapafu yaliyo juu, hewa ikatoka.

"Anapumua kwa tumbo," alisema Nguchiro, akisahau kuwa tarishi haruhusiwi kusema barazani.

"Toka nje, basi," Fisi alimwamuru Bi Kobe, akijaribu mara ya mwisho. "Toka, tuone kama hutaweza."

"Nikitoka, Mwenyekiti, nitauacha uti wangu wa mgongo humu, na mbavu zangu, na mapafu yangu yaliyogandamana nazo. Utakayemtoza kodi atakuwa nani?"

Korongo mweupe aliomba nafasi. Alikuwa amewasili siku chache kabla akitokea Ulaya, na angeendelea kwenda kusini mvua zikichanganya. Alisema kwamba huko Karoo, Afrika Kusini, ndani ya mawe ya miaka milioni 260 hivi, kuna mifupa ya mnyama mdogo aitwaye Eunotosaurus, ambaye mbavu zake zilikuwa tayari pana mno ingawa gamba hakuwa nalo. Ujerumani, ambako ndugu zake wengi Korongo hutaga, imechimbuliwa mifupa ya mwingine, Pappochelys, ya miaka milioni 240, naye mbavu ni pana na vifupa vya tumbo vimeanza kuungana. Mimi naongeza wa tatu, aliyetangazwa mwaka 2008 kutoka China: Odontochelys wa miaka milioni 220, mwenye gamba kamili la tumbo, na mgongoni mbavu pana tu. Paa halikushuka siku moja. Hata tumbo lilitangulia mgongo.

"Lakini walizipanua mbavu ili wajifiche nini?" aliuliza Kwale, akipangusa macho.

"Inawezekana hawakuwa wanajificha," Korongo alijibu. "Wapo wataalamu, Tyler Lyson na wenzake, walioeleza mwaka 2016 kwamba yule wa Karoo alikuwa mchimbaji. Mbavu pana zinaufanya mwili utulie wakati mikono inachimba. Ukipanua mbavu unapoteza mbio, na pumzi inakuwa ngumu, lakini udongo unakutii. Kinga ilikuja baadaye."

Mchimbaji! Neno hilo halihitaji maelezo Makongolosi. Fuko alimtazama Bi Kobe kwa macho mapya. Nungunungu alisogea akakaa upande wake.

Fisi aliona mkutano unamponyoka, akabadilisha dai. Akasema kwamba hata kama gamba ni mwili, malighafi yake ni chokaa, na chokaa hiyo ni mali yake, kwa kuwa Bi Kobe ameonekana na mashahidi akila kinyesi cha fisi kilichokauka kikawa cheupe. Kwa hiyo kinachodaiwa sasa si kodi ya jengo bali mrabaha.

Ni kweli kwamba kobe wa aina yake hutafuna mifupa mikavu, na hata kinyesi cheupe cha fisi, ili wapate chokaa ya kutengenezea maganda ya mayai. Ni kweli pia kwamba kiinitete hukwangua chokaa ya ganda lake kutoka ndani na kuipeleka mifupani. Bi Kobe hakukana.

"Nilikula ulichokitupa," alisema. "Na mifupa uliyoitafuna ilikuwa ya swala. Swala naye aliipata kwenye majani. Ukitaka mrabaha, tuanze na majani."

"Mayai bado!" Fisi alipaza sauti. "Shahidi, siku ya kuanguliwa, gamba la mtoto limekamilika au halijakamilika? Jibu kwa kiapo."

"Halijakamilika," alisema Kenge. "Linabonyea ukiligusa. Nafasi kati ya mbavu bado hazijajaa mfupa. Tumboni kuna vibao tisa ambavyo havijakutana vyema, na katikati pana upenyo, pale kiini cha yai kilipokuwa kimeshikilia. Huchukua muda mrefu kufunga."

"Mmesikia! Jengo lisilokamilika, kama tulivyoandika!"

"Mwanao wa kwanza, Mwenyekiti," Bi Kobe alimwuliza, "siku aliyozaliwa utosi wake ulikuwa umefunga?"

Fisi hakujibu.

"Ulimlipia kodi ya kichwa?"

Wazee waliokuwa wakikumbuka masimulizi ya babu zao juu ya kodi ya kichwa waliguna kwa pamoja, na mguno huo ulienea hadi kwa Mchwa waliokaa chini kabisa ya mninga. Ndipo Sungura akafungua tena sheria yake, akaisoma kimyakimya, akasimama. Alisema kwamba kifungu alikiandika yeye na hana njia ya kukikwepa: kitu ambacho mwenyewe hawezi kukitoka na kukiacha kimesimama, si jengo. Kura zikapigwa. Waliolipa kodi zao kila mmoja kivyake, kwa mara ya kwanza waliinua mikono kwa wakati mmoja, na Fisi alitumia muda mrefu kuihesabu kwa sababu hakuamini. Kenge hakupewa shukrani. Kwale hakumwangalia hata alipopita karibu yake kurudi juani.

Mwenyekiti akakohoa, akafungua ukurasa mwingine wa daftari. Ajenda ya pili ilikuwa madai dhidi ya Konokono: jengo la kudumu, lenye paa la mzunguko, halijawahi kulipiwa. Akasisitiza kwamba uamuzi uliotangulia haumhusu, kwani Konokono hana ubavu hata mmoja wala uti wa mgongo, hivyo hawezi kusema nyumba yake ni mbavu.

Bi Kobe alikuwa ameshageuka kuelekea mteremkoni, na kwa mwendo wake alikuwa hajafika hata kwenye ukingo wa kivuli. Alisimama akageuka tena, jambo ambalo kwa kobe si dogo.

Konokono alikuwa akitetemeka juu ya jani. Aliulizwa kama ana shahidi. Pembe zake mbili ndefu ziliingia, zikatoka, zikazunguka kwa wote waliokuwepo, hadi zikamfikia kobe mdogo wa ukoo mwingine aliyekaa pembeni, yule ambaye gamba lake lina bawaba upande wa nyuma na ambaye mvua zikianza huonekana akitafuta konokono majanini.

"Namwita huyo," alisema Konokono. "Alimla kaka yangu wiki iliyopita. Mwulizeni kama alimkuta ameshikamana na nyumba au la."